Nadaiwa milioni 84 na wasambazaji: je, deni limezidi?

Msomaji wa Mwanza ameuliza:

"Shikamoo mama. Nina duka la jumla la friji, friza, televisheni, betri na taa za sola hapa Mwanza mjini. Nauzia maduka ya rejareja ya Ukerewe, Sengerema, Geita na Magu. Wasambazaji wangu wako Dar es Salaam. Watatu wananipa mzigo nilipe baada ya siku 30, mmoja siku 60. Mwisho wa mwezi uliopita walikuwa wananidai jumla ya shilingi milioni 84. Nilienda benki kuomba mkopo, ofisa akaniambia deni la wasambazaji ni kubwa mno. Mke wangu naye anataka tuache kabisa kuchukua mzigo kwa mkopo. Mauzo si mabaya, lakini tarehe za kulipa zikifika sina hela, na mwezi uliopita ilibidi nikope milioni 8 kwa shemeji. Msambazaji mmoja ananipa punguzo la asilimia 2 nikilipa ndani ya siku 10. Je, deni hili limezidi? Na nilipe kwa utaratibu gani?"

Marahaba, mwanangu.

Nilikuomba namba chache zaidi kabla ya kujibu, nawe ukanitumia zilivyo daftarini, bila VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Unanunua wastani wa milioni 60 kwa mwezi: 40 kwa wale watatu wa siku 30, na 20 kwa yule wa siku 60. Unauza milioni 69. Mzigo uliomo stoo, kwa bei ya kununulia, ni milioni 105. Wenye maduka unaowauzia wanakudai, samahani, unawadai wewe, milioni 66. Mtaji wenu wenyewe, wewe na mkeo, ni milioni 70. Hizo zinanitosha.

Milioni 84 si deni kubwa kwa duka la ukubwa wako. Hebu tuhesabu pamoja. Ukinunua milioni 40 kwa mwezi kwa watu wa siku 30, na ukalipa kila mmoja siku yake bila kuchelewa hata kidogo, wakati wowote utakuwa unadaiwa kama milioni 40. Kwa yule wa siku 60, manunuzi ya milioni 20 kwa mwezi yanakuachia deni la milioni 40 muda wote. Jumla ni milioni 80. Kwa hiyo katika zile 84, milioni 80 ni deni la kawaida la biashara inayokwenda, na milioni 4 tu ndizo zilizopita tarehe. Ofisa wa benki aliona 84 akashtuka, kwa sababu hukumpa kitu kingine cha kutazama. Tutarudi kwake.

Kuna namna nyingine ya kuitazama namba hiyo hiyo: deni gawanya kwa manunuzi ya mwezi, zidisha kwa 30. 84 kwa 60, mara 30, unapata siku 42. Maana yake kwa wastani mzigo unaokaa mikononi mwako unalipwa siku ya 42 tangu uupokee. Ukisikia watu wa fedha wanazungumzia siku za kulipa wadai, ni hesabu hii. Usijipime kwa jirani yako anayeuza sukari na mafuta ya kula, kwa sababu mzigo wake unatoka kwa wiki na wako unatoka kwa miezi. Hata wenzetu Marekani wamelitenga jambo hilo. Ofisi yao ya Sensa hutoa taarifa ya fedha za makampuni kila robo mwaka, na humo madeni ya muda mfupi ya wauzaji wa jumla wa bidhaa za kudumu, yaani vitu vinavyotarajiwa kutumika miaka 3 au zaidi, yanaandikwa mbali na ya wale wa bidhaa zinazoisha upesi. Hao ni makampuni yenye mali ya dola milioni 50 kwenda juu, kwa hiyo usijilinganishe nao kwa namba. Chukua tu ule utenganisho: friza na kiroba cha unga havidaiwi kwa saa moja.

Sasa tuje kwenye kinachokubana. Kila siku duka lako linatoa mzigo wa kama milioni 2 kwa bei ya kununulia, yaani milioni 60 kwa siku 30. Ukiwa na milioni 105 stoo, mzigo unakaa siku 52 na nusu kabla haujauzwa. Ukishauzwa, mwenye duka wa Nansio kule Ukerewe, au wa Geita, anakaa nao siku 29 hivi kabla hajakulipa (66 gawanya kwa 69, mara 30). Jumlisha: tangu gari la Dar lishushe mpaka hela irudi mkononi ni siku 81. Wasambazaji wamekubeba siku 42. Zinabaki siku 39 ambazo hakuna anayekubeba, unajibeba mwenyewe. Siku 39 mara milioni 2 ni milioni 78.

Mtaji wenu ni milioni 70. Ziko wapi nyingine 8? Kwa shemeji.

Nimekaa na hesabu za watu zaidi ya miaka 25, na bado inanigusa pengo likilala sawasawa namna hiyo. Hukuiba, hukula mtaji, hukufanya biashara ya hasara. Umekosa siku nne. Siku nne mara milioni 2 ni zile 8 ulizokwenda kupiga hodi kuomba usiku. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: siku hizo nne, pamoja na zile milioni 4 zilizopita tarehe, zitatoka wapi? Milioni 12 kwa jumla.

Zitatoka nyuma ya mlango wa stoo yako. Katika picha uliyonitumia kuna friza zimepandana mbili mbili mpaka karibu na dari, nailoni zimeshika vumbi, na moja imeandikwa kwa maka peni tarehe ya kupokelewa: 11/2. Hiyo ni miezi mitano nyuma. Nikakuomba unitenganishie stoo, na hapo mambo yakawa wazi. Friji na friza peke yake ni milioni 61, na kwa kasi unavyoziuza zinakaa wastani wa siku 75. Vingine vyote, taa, betri, televisheni, pasi, ni milioni 44 na vinakaa siku 37. Halafu tazama ankara zako: friji na friza zote unachukua kwa wale wa siku 30. Taa na betri, zinazotoka upesi kuliko vyote, ndizo unazochukua kwa yule wa siku 60. Kitu kinachokaa siku 75 kinadaiwa siku ya 30, na kinachotoka wiki ya pili kinadaiwa siku ya 60. Ndiyo maana umeweza kusogea mpaka leo: hela ya taa imekuwa ikilipia friza. Na ndiyo maana mwezi ambao taa hazikwenda vizuri, ulikwama.

Punguza siku za friji na friza kutoka 75 hadi 60, si zaidi, na utakuwa umetoa milioni 12 stoo bila kukopa shilingi. Ndizo zilezile tunazozitafuta. Zile za Februari ziuze sasa, hata ukikaribia bei uliyonunulia. Najua inauma. Lakini hesabu hivi: faida yako ni asilimia 15 juu ya bei ya kununulia. Tukichukua kwamba hela inakugharimu asilimia 18 kwa mwaka, yaani moja na nusu kwa mwezi, miezi mitano imeshakula saba na nusu. Nusu ya faida ya ile friza imeshaliwa ikiwa imesimama kwenye nailoni. Na ikiingia modeli mpya bei ya ile ya zamani inashuka yenyewe bila kukuuliza.

Umeniambia unanunua friza gari zima kwa mkupuo ili upate nauli nafuu. Nakuelewa, Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,100. Zungumza na mwenzako wa mtaa wenu anayeuza vitu kama vyako, mchangie gari, kila mtu achukue nusu mara nyingi zaidi. Nauli itapanda kidogo na stoo itapumua. Kisha nenda kwa msambazaji wa friza umwombe siku 45. Usimwendee mikono mitupu. Mwambie utaagiza kidogo kidogo kila wiki mbili na utalipa kila ankara siku yake. Msambazaji anayejua hela inakuja Ijumaa gani hulala vizuri kuliko yule mwenye ahadi ya oda kubwa isiyo na siku.

Upande wa wateja wako nao una siku za kuokota, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kanda yetu ina kalenda yake na ankara za Dar haziijui.

Maduka yako ya Ukerewe yanauza taa na betri kwa wenye mitumbwi ya dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukikua, taa haivuti samaki, mitumbwi inapandishwa pwani, watu wanashona nyavu, na mwenye chombo anafanya hesabu na wavuvi wake. Hela inagawanywa wakati huo wa mbalamwezi. Giza likirudi wanaingia ziwani tena, na hela inageuka mafuta, chakula cha kambi na taa mpya. Sasa mwezi mwandamo ni siku 29 na nusu. Wewe unapeleka taa mwanzo wa giza, ndipo wanapozihitaji, na unaandika siku 30. Siku 30 zikiisha ni lini? Ni mwanzo wa giza linalofuata! Umeipita mbalamwezi nzima, wakati hela ilikuwa mezani, na umekwenda kudai siku ambayo imeshageuka mafuta. Mwenye duka anakwambia "hela iko ziwani", naye hasemi uongo.

Kwa hiyo taa na betri za visiwani ziandikie siku 21, zihesabiwe tangu giza linapoanza, na mtu wako apande meli ya Nansio wakati mitumbwi imepandishwa. Atakuta hela. Mteja naye atashukuru, maana utakuwa umelichukua deni lako kabla halijachanganyika na mahitaji mengine. Ukitaka kuhakikisha, nenda mwaloni wa Kirumba, soko la dagaa na samaki hapa Mwanza, uangalie magunia ya dagaa yanavyoingia. Wakati magunia yanapangwa mengi ndipo na hela inaporudi visiwani.

Wale wa Magu wanaotegemea wakulima wa pamba wana saa nyingine. Msimu wa kununua pamba kawaida hufunguliwa Mei, kwa hiyo friji iliyouzwa kwa mkopo Januari itasubiri. Usimnyime, ila usimpe nyingi, na usijidanganye kwamba ni siku 30. Geita na Sengerema ni rahisi zaidi kuliko zamani. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari halisubiri tena kivuko. Duka la Sengerema lililokuwa linaweka akiba ya friza nne kwa kuogopa foleni ya kivuko linaweza kukaa na mbili, likakupigia simu asubuhi likapokea mchana. Tumia hilo kufupisha muda unaowapa. Wengi wetu tumelifurahia daraja kwa safari na hatujalihesabu kwenye mikopo.

Kuna jambo hukuniuliza ila lazima niseme. Siku 30 zako zinaanza kuhesabiwa lini?

Nilipokuwa karani kijana nilifanya kazi kwa mfanyabiashara wa jumla wa mabati na baiskeli hapa mjini. Mzigo ulikuwa unakuja kwa reli. Zikaja mvua za El Niño za 1997 na 1998, reli ya kati ikakatika, barabara zikawa tope, na behewa letu la mabati likakaa njiani wiki tatu. Lilipofika, ankara ilikuwa na tarehe ya siku lilipopakiwa Dar. Katika siku 30, tulibakiwa na 8. Bosi wangu alikuwa mtu mwema, lakini aliona aibu kusema hatuna. Mwakilishi wa msambazaji alipokuja, niliambiwa nimwambie bosi hayupo. Nilisema hivyo mara tatu, na mara ya tatu yule mzee aliiona kandambili ya bosi mlangoni, akanitazama tu, akaondoka. Barua iliyofuata ilisema kuanzia sasa mzigo kwa fedha taslimu. Tulidaiwa milioni chache tu. Tungemwonyesha hati ya reli yenye tarehe ya kufika, angetuongezea siku, kwa sababu kila mtu kanda hii alijua reli imekatika. Ile kandambili sijaisahau.

Basi tazama kila mkataba wako: siku zinahesabiwa tangu tarehe ya ankara au tangu mzigo upokelewe Mwanza? Omba iandikwe tangu kupokelewa. Na gari likishusha, usisaini hati ya mzigo kabla ya kuhesabu na kufungua maboksi yaliyobonyea. Kilichopungua au kuvunjika kiandikwe palepale kwenye nakala zote mbili, dereva asaini. Kila mwisho wa mwezi mwombe msambazaji taarifa ya akaunti yako uilinganishe na daftari. Nimeshaona duka likilipa ankara moja mara mbili kwa sababu moja ilikuja na mzigo na nyingine kwa simu.

Katika ujumbe wako wa pili umemwita yule wa siku 60 "wa mali kauli". Angalia hapo. Mali kauli, kama wazee wetu walivyoijua, ni mali unayopewa kwa kauli: uza, leta hela, kisichouzika rudisha. Karatasi uliyonitumia inasema ankara, siku 60, mzigo ukipokelewa haurudishwi. Hilo ni deni lenye tarehe, uuze usiuze. Tofauti yake kisheria ni kubwa. Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, mzigo uliopewa kwa makubaliano ya uza-au-rudisha unabaki wa mwenyewe mpaka uukubali, au mpaka muda mliowekeana upite bila kuurudisha. Na kawaida hasara inamfuata mwenye mali. Stoo ikishika moto, jambo la kwanza litakaloulizwa ni mali ilikuwa ya nani. Kama kweli unataka mali kauli, na kwa friza kubwa za mabucha ingekufaa sana, iombe kwa maandishi yanayosema hivyo.

Sasa mkeo. Ana haki, ila si kwa yote. Kuacha kabisa maana yake mtafute milioni 84 nyingine. Mkizikopa kwa asilimia 18, riba ni zaidi ya milioni 15 kwa mwaka. Msambazaji hakuandikii riba, ndiyo maana mkopo wake unaonekana wa bure. Lakini si wa bure, na hapo ndipo mkeo ameona kitu. Chukua lile punguzo la asilimia 2. Usipolipa siku ya 10 ukalipa siku ya 30, umelipia asilimia 2 ili ubaki na hela siku 20. Mbili kwa 98, mara 365 kwa 20, ni kama asilimia 37 kwa mwaka. Mkopo wa kawaida wa benki hautozwi hivyo. Kwa ankara ya milioni 10, punguzo ni shilingi 200,000, na kukopa milioni 9.8 kwa siku hizo 20 kwa asilimia 18 ni kama 97,000. Unabaki na zaidi ya laki moja kwa ankara moja. Yule wa siku 60 naye, betri anayokuuzia 312,000 umesema kwa taslimu ni 300,000. Hiyo ni asilimia 4 kwa miezi miwili, kama 24 kwa mwaka. Stoo ikishapumua, betri hizo zinunueni kwa taslimu, taratibu, kuanzia na zile zinazotoka upesi. Friza endeleeni kuchukua kwa mkopo. Mwambie mkeo nimesema hivyo.

Lakini usikimbilie punguzo huku ukiwaacha wengine wapite tarehe. Kwanza zile milioni 4, kisha shemeji, kisha punguzo. Shemeji nimemweka wa pili kwa makusudi, kwa sababu msambazaji ana mkataba na shemeji ana moyo, na wewe utakaa naye mezani miaka mingi.

VAT nitaipitia haraka, ila usiipuuze. Kwa mauzo yako umeshavuka kiwango cha milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo umesajiliwa. Kodi ya mauzo inadaiwa ukishatoa ankara, hata mteja hajalipa. Ukiuza kwa mkopo friji za milioni 30 Desemba, milioni 5.4 zinaingia kwenye ritani, yaani taarifa ya kodi unayopeleka TRA, ya tarehe 20 Januari. Unakata ile uliyotozwa kwenye manunuzi, na mwezi unaonunua kama unavyouza hutaisikia. Utaisikia mwezi utakaomwaga zile friza za zamani bila kununua nyingine. Weka hela ya TRA pembeni mwezi huo kabla hujamlipa mtu yeyote.

Ukiambiwa utoe hundi za tarehe za mbele kama dhamana, toa kwa tarehe ambayo una uhakika nayo kama unavyojua jina lako. Hundi ikirudi, mwenye nayo anaweza kufungua kesi ya utaratibu wa mkato, ambapo wewe huruhusiwi kujitetea mpaka mahakama ikupe kibali. Na kama bado kuna msambazaji anayekuandikia ankara kwa dola, mkumbushe kwamba kanuni za mwaka 2025 zimekataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa zinazouzwa ndani ya nchi. Wewe unauza kwa shilingi, udaiwe kwa shilingi.

Ukiona tarehe haitatimia, piga simu wiki moja kabla. Sema kiasi, sema siku. "Ankara yenu ya milioni 6 inaisha Jumanne. Nitatuma 4 Jumanne na 2 Ijumaa ya wiki inayofuata, wateja wangu wa visiwani wanalipa mbalamwezi." Halafu itume kweli. Usigawe hela kidogo kidogo kwa kila anayepiga kelele, maana mwisho wote wanne watabaki wanakudai na hakuna aliyeridhika. Anza na yule ambaye mzigo wake ndio unaoleta hela upesi. Kwako ni huyo wa taa.

Kuhusu benki, rudi kwa ofisa yuleyule na karatasi moja. Panga deni kwa umri: lisilofika tarehe, milioni 80, lililopita siku 1 hadi 15, milioni 4, zaidi ya hapo, hakuna. Chini yake panga wateja wako vilevile, kisha stoo kwa makundi mawili kama ulivyonipangia mimi. Omba ovadrafti (ruhusa ya kutoa kwenye akaunti zaidi ya ulichonacho) ya milioni 12 badala ya mkopo wa miaka mitatu, kwa sababu unachokosa ni siku, na ovadrafti unailipia kwa siku ulizoitumia tu. Ikiwa zile friza zimeshatoka kabla hujaenda, huenda hutaihitaji kabisa, lakini iombe hata hivyo wakati huna shida.

Wiki hii fanya kazi moja tu kwanza. Chukua maka peni, ingia stoo na kijana wako, andika tarehe ya kupokelewa kwenye kila boksi la friji na friza, upande unaotazama mlango. Zenye zaidi ya siku 60 zisogezwe mbele. Kisha nitumie picha nyingine.